Nani Abebe Chumba Kitupu? Ulinganisho wa Mikataba ya Nyumba za Wageni Malindi na Lamu

Mwenye nyumba ya wageni Malindi au Lamu huletewa karatasi za namna nne. Kampuni ya safari humletea mkataba wa mgao wa vyumba, ambao mahotelini wanauita alotimenti. Kampuni nyingine huja na mkataba wa dhamana, ule ambao Waitaliano wa Malindi wanauita vuoto per pieno: chumba kilalwe kisilalwe, kinalipwa. Majukwaa ya mtandaoni hayaleti karatasi, yanakubofyisha masharti kwenye simu. Halafu yuko anayesema, "Nipe nyumba yote, nitakuwa nakulipa kwa mwezi."

Jina lililoandikwa juu ya mkataba halikuambii mengi. Kinachoipambanua mikataba hii ni swali moja: usiku ambao hakuna mgeni, hasara ni ya nani? Bei unayopewa hutokana na jibu la swali hilo. Anayekulipa kidogo huenda ameubeba usiku huo mtupu. Anayekuahidi kingi amekuachia wewe. Wengi huumia kwa sababu wanalinganisha bei ya chumba kwa chumba, wakasahau kuulinganisha ule usiku mtupu.

Hesabu kabla ya karatasi

Tuchukue hoteli ya mfano, vyumba 10, Malindi. Mgeni anayekuja mwenyewe analipa KSh 8,000 kwa chumba kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Jukwaa la mtandaoni likikata kamisheni ya 15%, unabaki na 6,800. Wakala wa alotimenti anatoa 5,500. Kampuni ya dhamana inatoa 4,000. Kwa kutazama tu, utasema hao wa dhamana ni wanyang'anyi.

Lakini dhamana inalipa vyumba vyote 10 kila usiku: KSh 40,000. Ili alotimenti ifike hapo, unahitaji vyumba 7 na ushei vilalwe kila siku, yaani 73%. Mtandao unahitaji karibu vyumba 6, yaani 59%. Basi jiulize: katika siku zile zinazotajwa kwenye mkataba, una hakika ya vyumba 7? Kaskazi inapovuma, Krismasi hadi Februari, hoteli iliyo karibu na ufuo yaweza kufika. Mwezi wa Mei, masika yamekolea na bahari imechafuka, thubutu.

Kodi ya nyumba nzima nayo ina hesabu yake. Anayekupa KSh 250,000 kwa mwezi anakupa milioni 3 kwa mwaka. Nyumba hiyohiyo ukiiendesha mwenyewe na ikajaa 35% ya mwaka, unapata usiku 1,277 wa vyumba vilivyolalwa. Kila mmoja unakuachia 6,800, toa 1,500 ya chakula, dobi, maji na stima, inabaki 5,300. Jumla ni kama milioni 6.77. Toa mishahara, ulinzi, ukarabati na leseni, tuseme 300,000 kwa mwezi, unabaki na milioni 3.17 kabla ya kodi ya serikali. Maana yake ni kwamba 35% ndiyo mizani ya nyumba hii. Ikijaa 45%, ukiiendesha mwenyewe unapata zaidi ya milioni 5. Ikishuka hadi 25%, unabaki na milioni 1.2 na nywele nyeupe. Weka tarakimu zako mahali pa hizi, maana mshahara wa mpishi, maji ya boza na bei ya dizeli havifanani kati ya Watamu, jirani ya Malindi, na Shela, kijiji cha ufuoni Lamu.

Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) nayo isikupite. Hoteli inayouza KSh milioni 5 au zaidi kwa mwaka inatakiwa kusajiliwa, na kiwango ni 16%. Mkataba ukisema 5,500 bila kutaja kama VAT imo au haimo, wakala atasema imo, na 759 za kila usiku zitatoka mfukoni mwako. Andika pia ni nani anayebeba ile tozo ya utalii ya 2% chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Hilo ni sentensi moja tu kwenye mkataba.

Alotimenti: unafunga mlango, mwenzako hajafungwa

Katika alotimenti unamwekea wakala vyumba kadhaa, kwa bei maalumu, kwa tarehe maalumu. Yeye anaviuza kwenye pakeji zake. Akivikosea wateja, anakurudishia bila kulipa, mradi arudishe kabla ya siku mliyokubaliana. Siku hiyo ya kurudisha ndiyo moyo wa mkataba. Ikiwa siku 30 kabla ya mgeni kufika, unapata mwezi wa kutafuta mwingine. Ikiwa siku 7, umekishikilia chumba kwa niaba ya mtu asiyedaiwa chochote, na wiki moja haitoshi kumpata mgeni wa Ulaya ambaye tiketi yake ya ndege inapanda bei kila kukicha. Kwa Desemba hadi Machi na kwa Agosti, dai siku 21 hadi 30. Kwa miezi mibaya, 7 hadi 14 inatosha. Utalia na nini?

Kipengele cha pili ni ruhusa ya kufunga mauzo, yaani haki yako ya kumwandikia wakala kwamba kuanzia sasa asiuze tena tarehe fulani. Bila ruhusa hiyo, wakala aliyegawiwa vyumba 4 anaweza kuuza cha nne usiku wa kuamkia siku ya kurudisha, wakati wewe umeshampa mtu mwingine. Iandikwe kwamba mauzo yanafungwa saa 24 au 48 baada ya barua pepe yako, na yaliyothibitishwa kabla ya hapo yanaheshimiwa.

Ukiuza vyumba kupita ulivyonavyo, karibu kila mkataba utakutaka umhamishie mgeni hoteli nyingine ya daraja lilelile au la juu, kwa gharama yako. Malindi hilo ni teksi na tofauti ya bei. Lamu ni jambo jingine kabisa. Mgeni aliyenunua Shela amenunua ufuo. Ukimpeleka Lamu mjini, hata kama nyumba ni ya kifalme yenye zidaka na milango ya nakshi, atadai fidia kwa sababu bahari ya kuogelea hakuipata. Andika kabisa nyumba au mitaa mnayoikubali kuwa mbadala, na nauli ya boti ni ya nani.

Kwa nini wakala wa Ulaya ni mkali hivyo? Kwa sababu sheria ya kwao inambana. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2015/2302 kuhusu safari za pakeji, lililoanza kutumika Julai 2018, linamfanya aliyeuza pakeji awajibike kwa mteja kwa kila kilichomo: ndege, gari, chumba, hata chakula. Mgeni akiugua tumbo Malindi, anamdai muuzaji wa Milano, na muuzaji wa Milano anaigeukia hoteli kupitia kifungu kinachosema hoteli itamlipia madai yote. Kifungu hicho hakifutiki kirahisi, lakini kinawekewa mipaka: lalamiko liletwe kwa maandishi mgeni akiwa bado yuko hotelini au ndani ya saa 48 baada ya kuondoka, upewe nafasi ya kurekebisha, na wakala asikate kitu kwenye ankara yako kabla hujajibu. Bila mipaka hiyo, utakuta KSh 90,000 zimekatwa mwezi wa Aprili kwa ajili ya feni iliyopiga kelele mwezi wa Januari.

Dhamana, na dhamana ya jina tu

Mkataba wa dhamana wa kweli hauna siku ya kurudisha vyumba. Kampuni imevinunua, imekwisha. Ndiyo maana bei yake huwa chini sana, na ndiyo maana hoteli kubwa za Malindi na Watamu zenye mzigo wa mishahara ya wafanyakazi 60 huipenda: mishahara inajulikana, mapato yanajulikana, meneja analala usingizi.

Dhamana ya jina tu ipo pia, tena si haba. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "vyumba vilivyodhaminiwa", bei ni ile ya chini ya dhamana, halafu kifungu cha 11 kinasema kampuni yaweza kupunguza idadi ya vyumba siku 21 kabla. Hapo umeuziwa alotimenti kwa bei ya dhamana, hasara juu ya hasara. Ukiletewa mkataba wa dhamana, anza kusoma katikati: tafuta maneno kupunguza, kurudisha, kubadilisha idadi, kusitisha safari za ndege. Kampuni inayokodi ndege ya moja kwa moja kutoka Italia mara nyingi huweka kifungu kwamba ndege ikifutwa, dhamana imefutwa. Hicho ndicho kifungu cha kupigania kuliko bei yenyewe.

Malipo ya dhamana yatangulie. Mpango unaofanya kazi ni arbuni ya 30% siku ya kutia saini, na sehemu nyingine kabla ya kila mwezi kuanza. Awamu ikichelewa siku 7, vyumba vinarudi kwako na arbuni haidaiwi. Jihadhari na kiasi cha adhabu lakini. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaturudisha kwenye kanuni za mikataba za Kiingereza, na kanuni hizo hazipendi adhabu iliyopita kiasi. Fidia inayokaribiana na hasara unayoweza kuionyesha mahakamani itasimama. Ya kumkomoa mtu inaweza kuanguka.

Tarehe nazo ziwe za kalenda. "Hadi Pasaka" si tarehe, maana Pasaka huangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25, na wiki nne za vyumba 10 vilivyodhaminiwa kwa 4,000 ni zaidi ya milioni moja. Lamu ina jambo lake pia. Maulidi yanahama siku kama 11 kurudi nyuma kila mwaka, na siku hizo mji hujaa wageni wa pwani nzima wanaolipa bila wakala. Mkataba wa miaka miwili uziache siku hizo nje ya mgao, tena uache siku mbili tatu mbele na nyuma, kwa kuwa mwezi huandama kwa wakati wake.

Mtandao

Hapa chumba kitupu ni chako chote, na hakuna ubishi kuhusu hilo. Unacholipa ni kamisheni tu, mara nyingi kama 15%, na mgeni akighairi ndani ya muda uliomruhusu, huna pa kulalamika. Kubofya "nakubali" kunakufunga sawasawa na saini, na masharti mengi yanasema sheria inayotumika ni ya nchi yenye jukwaa. Kudai KSh 40,000 kwa sheria ya Ulaya hakuna maana, kwa hiyo usiuhesabu huu kuwa mkataba unaokulinda. Uhesabu kuwa duka.

Hatari iliyojificha ni mgongano wa bei. Wakala wa alotimenti huweka kifungu kwamba hutauza hadharani kwa bei ya chini ya aliyokubaliana nanyi au karibu nayo. Jukwaa nalo hutaka usiuze kwingine kwa bei nafuu kuliko kwake. Ukitoa punguzo la 40% mtandaoni wiki moja ya Novemba kwa kukata tamaa, bei ya wazi inashuka hadi 4,800, chini ya 5,500 za wakala, naye ataona kabla ya jioni.

Kukodisha nyumba nzima

Sehemu hii inahitaji utulivu, kwa sababu hapa umetoka kwenye biashara ya vyumba ukaingia kwenye sheria ya ardhi. Makosa ya alotimenti yanakula msimu mmoja. Makosa ya kukodisha yanaweza kula miaka.

Kwanza, mkataba wa mdomo haukukingi wewe mwenye nyumba. Sura ya 23, kifungu cha 3, inataka mkataba wa haki juu ya ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Mkataba wa zaidi ya miaka miwili unapaswa kusajiliwa, na ushuru wa stempu ni 1% ya kodi ya mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu, au 2% ukizidi hapo. Kwa kodi ya milioni 3 kwa mwaka, hiyo 2% ni KSh 60,000.

Pili, na hili wenye nyumba wengi hulijua wakiwa wameshachelewa, kuna Sura ya 301, sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula. Kwa sheria hiyo, hoteli ni nyumba yoyote inayotoa malazi, au malazi na chakula, kwa watu wazima 5 au zaidi kwa malipo. Haitaji nyota wala ubao wa jina. Nyumba ya Shela yenye vyumba vitatu vya watu wawili wawili tayari imeingia. Na upangaji wake unalindwa na sheria iwapo hakuna maandishi. Au maandishi yapo lakini muda hauzidi miaka 5. Au maandishi yana kifungu cha kuuvunja mkataba ndani ya miaka 5 tangu uanze kwa sababu isiyo ya kuvunja masharti.

Upangaji ukishalindwa, huwezi kumtoa mpangaji wala kumpandishia kodi kwa barua ya kawaida, hata kama muda umekwisha. Unatakiwa kumpa ilani kwa fomu iliyowekwa na sheria, isiyopungua miezi 2, yenye sababu zinazotambulika kisheria. Ana mwezi mmoja wa kukujibu kama anakubali au la. Akipinga na kupeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ilani haijafika siku yake, ilani haifanyi kazi hadi baraza liamue. Hapo ndipo mwenye nyumba aliyedhani amekodisha msimu mmoja anajikuta na mpangaji wa msimu wa nne, kwa kodi ya msimu wa kwanza.

Ndiyo maana mawakili wa pwani huandika miaka mitano na miezi mitatu, au sita, bila kifungu cha kuvunja katikati. Mwenye nyumba anapata uhuru mwishoni, mpangaji anapata muda wa kurudisha alichowekeza. Lakini miaka mitano bila mlango wa kutokea ni mirefu kama mpangaji ni mbovu, kwa hiyo masharti ya kuvunja mkataba kwa makosa yaandikwe kinagaubaga: kodi ikichelewa siku 21, bima ikikatika, leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii ikifutwa, jengo likibadilishwa bila ruhusa. Na ukiona mpangaji anasisitiza sana mwaka mmoja mmoja "tuone kwanza", fahamu kwamba huenda anaijua Sura ya 301 kuliko wewe.

Tatu, Lamu ina mambo ambayo Malindi haina. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ujenzi ndani yake unapita kwa Makumbusho ya Taifa, si kwa kaunti peke yake. Mpangaji anayetaka kuongeza dari la makuti juu ya paa au kubomoa ukuta apate bafu, ni nani atakayeomba kibali, na kibali kikikataliwa kodi inapungua? Isipoandikwa, kila mmoja atamtazama mwenzake. Nyumba za matumbawe na boriti zina vyumba vyembamba, chini ya mita 3 kwa upana, kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopanga. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani nzima juu ya boriti hizo. Kifungu kinachotaja uzito wa juu wa tangi na mahali pa kulikalisha, yaani juu ya ukuta na si katikati ya dari, kina faida kuliko kurasa mbili za maneno ya "matunzo mema". Makuti nayo yaandikwe: nani anayabadilisha, baada ya miaka mingapi.

Uliza pia nyumba ni ya nani. Nyumba nyingi za Lamu ni za mirathi, jina kwenye hati ni la babu aliyefariki, na anayekodisha ni ndugu mmoja kati ya saba. Mpangaji makini atadai saini za warithi wote au hati ya Mahakama ya Kadhi inayoonyesha nani ana mamlaka. Nyumba ya wakfu haikodishwi na jamaa wa mtaani. Lazima kuwe na idhini ya wanaousimamia wakfu huo kisheria. Kwa mwekezaji asiye raia, Katiba ya 2010, ibara ya 65, inampa haki ya kukodi ardhi isiyozidi miaka 99, basi hata mkataba ukisema zaidi, utahesabiwa kuwa ni miaka 99.

Usimamizi: ndugu wa kukodisha asiyefanana naye

Wapo wanaosema, "Sikodi, nakusimamia tu." Mkataba wa usimamizi unaiacha biashara kuwa yako: leseni ni yako, wafanyakazi ni wako, mgeni akiteleza ngazini anakushtaki wewe, na chumba kitupu ni chako. Msimamizi anachukua asilimia fulani ya mauzo, na mwenye busara atakubali asilimia ndogo ya mauzo pamoja na sehemu ya faida, ili asijaze vyumba kwa bei ya kutupa. Akaunti ya benki iwe na saini yako, na hesabu zije kila mwezi kabla ya tarehe 10.

Mkataba ukiitwa wa usimamizi lakini msimamizi anakulipa kiasi kilekile kila mwezi, ana funguo zote na wewe huingii bila hodi, mahakama inaweza kuutazama undani wake ikauita upangaji. Ukiwa upangaji wa chini ya miaka mitano, umerudi kulekule Sura ya 301.

Bahari ikichafuka, na serikali zikitoa ilani

Kati ya Malindi na Lamu, kifungu cha dharura hakiwezi kunakiliwa. Machi 25, 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, zikarudi Agosti 1. Hilo liligusa kila mtu sawa. Lamu ilikuwa imeonja mengine kabla yake. Katikati ya 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, kaunti iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na serikali za nje ziliwaonya raia wao wasiende.

Onyo la ubalozi halimfanyi mtu ashindwe kufika. Ndege huweza kuendelea kutua Manda, uwanja wa ndege wa Lamu. Kwa kanuni za kawaida za mikataba, utekelezaji kuwa mgumu au ghali hakumwondolei mtu wajibu. Kampuni ya safari inajua hilo, kwa hiyo itaandika kwamba onyo lolote la serikali yake linafuta dhamana. Usikubali "onyo lolote". Kubali onyo linaloitaja Kaunti ya Lamu kwa jina, linalozuia safari zote zisizo za lazima, na linalohusu tarehe za wageni wenyewe tu. Likiondolewa, dhamana inarejea. Kisha gaweni hasara: arbuni isirudi yote, ihamishiwe tarehe nyingine ndani ya miezi 12. Kwa Malindi kifungu hicho kinaweza kuwa kifupi. Kwa Lamu ndicho kinachoamua kama dhamana ina thamani yoyote.

Basi uchague upi

Hoteli ya Malindi au Watamu yenye vyumba 30 na zaidi na wafanyakazi wa kudumu: dhamana ya kweli kwa theluthi moja hadi nusu ya vyumba, Desemba hadi mwisho wa Machi, alotimenti kwa vingine na kwa Agosti, mtandao kwa vilivyosalia. Kudhamini vyumba vyote kwa mnunuzi mmoja kunakupa raha ya mwaka mmoja, kisha mwaka wa pili anakuja kukupangia bei.

Nyumba ya wageni ya Lamu yenye vyumba 6 hadi 10, mwenyewe yupo: mtandao na wageni wa moja kwa moja uwe uti wa mgongo, na alotimenti ya vyumba 2 au 3 kwa wakala mmoja anayelipa vizuri, siku 30 za kurudisha. Dhamana kwa nyumba ndogo hivyo hupatikana kwa nadra, na ikija, mara nyingi ni ile ya jina tu.

Mwenye nyumba anayekaa Nairobi, Mombasa au ng'ambo: kama nyumba yako haijawahi kufika ile asilimia ya mizani uliyoipiga, kodisha, tena kwa miaka inayopita mitano. Kama inaifikia na una mtu mwaminifu, usimamizi unalipa zaidi. Kumpa mtu kwa mdomo "kwa msimu huu tu" ndiyo njia mbaya kuliko zote, na ndiyo inayotumika sana, kwa sababu haina gharama siku ya kwanza.

Nani hasa anayekudai au unayemdai

Kampuni ya Mombasa inayopokea wageni ikitia saini "kwa niaba ya" kampuni ya Italia, mdaiwa wako kisheria ni wa Italia. Wa Mombasa ni mjumbe tu. Mtake atie saini kama mhusika, au awe mdhamini kwa maandishi, kwani ahadi ya kulipa deni la mwingine haiwezi kudaiwa mahakamani Kenya kama haikuandikwa na kutiwa saini.

Deni lisilozidi KSh milioni 1 dhidi ya wakala wa hapa linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Deni la kampuni ya nje ni habari nyingine. Hukumu ya Malindi haijitekelezi Milano. Inabidi ipitie mahakama za kule. Tuzo ya usuluhishi ina njia nyepesi zaidi, maana Kenya na Italia zote zimo kwenye Mkataba wa New York wa 1958 wa kutambua tuzo hizo. Ila msuluhishi analipwa, na kwa deni la laki sita gharama zitakula nusu yake. Kwa kiasi hicho, arbuni na ukomo wa deni ni kinga bora kuliko kifungu chochote cha usuluhishi: andika kwamba deni likivuka, tuseme, KSh 400,000, wageni wanaofuata wanalipiwa kabla ya kukabidhiwa funguo. Thomas Cook ya Uingereza ilipoanguka Septemba 23, 2019, wageni walikuwa na mfuko wa kuwarudisha kwao. Hoteli zilizokuwa zikisubiri kulipwa ankara za miezi ya kiangazi zilisimama kwenye foleni ya wadai wasioshikilia rehani yoyote.

Muda wa malipo uhesabiwe tangu mgeni alipoondoka, si tangu "ankara ilipopokelewa", kwa sababu ankara zina tabia ya kutopokelewa. Mkataba wa lugha mbili useme ni nakala ya lugha ipi inayotawala, kwa kuwa Kiitaliano na Kiingereza havisemi jambo moja kila mara kwenye kifungu cha kughairi. Na vocha za wageni, karatasi wanazokuja nazo kutoka kwa wakala, zisitupwe msimu ukiisha: deni la mkataba linaweza kudaiwa hadi miaka 6, na vocha yenye saini ya mgeni na tarehe ya kuondoka ndiyo ushahidi ambao wakala hawezi kuukana.